Safu Niliyoiacha Tupu

Vijana wa kituo,

Mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipima ziwa kabla ya kufungwa kile chombo chenye betri, ambacho hutuma namba Kigali chenyewe bila kuvaa buti. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu nistaafu asubuhi zangu zimekuwa ndefu, na mke wangu amechoka kunikuta jikoni nikiuliza kama chai imechemka. Ya pili ni kosa, nalo nitalieleza likifika mahali pake. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili, na cha pili nilikipata kwa kuwa aliyekuwa nacho alihamia kwa wakwe zake.

Ninyi mnaijua eshele kama bati kuukuu lililobaki ukutani chini ya mji wa Cyangugu, pale ziwa linapoanza kugeuka kuwa mto Rusizi. Kwetu ilikuwa kazi. Bati jeupe, mistari myeusi, sentimita kwa sentimita, limepigiliwa kwenye ukuta wa mawe ulioingia majini. Mtu alishuka mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, akatazama maji yamefika mstari gani, akaandika. Ukimweleza mtu wa sokoni kazi hiyo, aliendelea kukutazama, akisubiri umalizie.

Nilianza miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na moja na cheti cha sekondari. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kamembe, karibu na msikiti, na alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba Issa atakuwa injinia. Asubuhi ya kwanza niliteremka mlima nimevaa suruali pana chini, kama walivyovaa vijana wa Bukavu ng'ambo ya mto, na viatu vya kung'aa. Ukutani nilimkuta mzee mwembamba amechuchumaa, buti za mpira hadi magotini, penseli imefungwa kwa uzi shingoni. Huyo ndiye Mzee Bahizire, mtu wa kisiwa cha Nkombo, msomaji wa kwanza wa eshele. Mimi nilikuwa wa pili, na wa tatu hakuwepo.

“Weye njo Issa?” aliniuliza.

“Ndiyo, Mzee.”

“Banasema umesoma sana.”

“Nimemaliza sekondari, Mzee.”

“Bon. Mayi yenyewe haikusoma. Utaiongelesha polepole.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikatoa kalamu, nikasogea ukutani nisome namba, nimwonyeshe wepesi wangu. Akanishika mkono.

“Apana kwanza. Uko naingia kwa muntu na haujapiga hodi?”

Akavua kofia, akainama kidogo kuelekea ziwani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempita jirani na kumwamkia kwa Kinyarwanda, “Mwaramutse.” Kisha akaketi juu ya jiwe na kuniashiria niketi. Tulikaa robo saa tukitazama maji. Viatu vyangu vililowa. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza, na sikulielewa.

Msidhani robo saa ile ilikuwa ibada tupu. Ziwa halitulii. Wimbi likipanda unasoma namba moja, likishuka unasoma nyingine, na kati yao panaweza kuwa na sentimita kumi. Anayefika na kuandika papo hapo anaandika wimbi, haandiki ziwa. Kwa ajili hiyo Mzee alikuwa na chombo chake: chupa ya bia aliyoikata kitako kwa uzi uliolowa mafuta ya taa na kuwashwa moto. Aliishika kichwa chini, mdomo ndani ya maji, akaibana kwenye bati. Maji yaliingia polepole kwa ule mdomo mwembamba, na ndani ya chupa hapakuwa na wimbi; yalisimama kimya, na mstari wao ukasomeka. Wahandisi waliokuja baadaye na mabomba ya kigeni walipata namba zile zile. Mimi nilipata taabu ya aina nyingine. Baba aliikuta chupa yangu kwenye mkoba, akainusa pande zote mbili, na ikanibidi kumteremsha hadi ziwani aone kwa macho yake. Alitazama, akakubali. “Haya,” alisema. “Lakini usiipitishe mbele ya msikiti.”

Hadithi ya ng'ombe niliisikia wiki ile ile ya kwanza, siku mvua ilipotufungia ndani ya kibanda chetu cha mbao. Mzee alisema kwamba zamani hapakuwa na ziwa, palikuwa na malisho. Imana, yaani Mungu, alimpa mtu maskini ng'ombe mmoja kwa sharti moja: kila asubuhi, kabla ya kukamua, mtu aende amtazame na kumwita kwa jina la siku hiyo, jina jipya, kulingana na jinsi alivyoamka. Wafugaji wetu wana desturi ya kuwasifu ng'ombe kwa majina, kwa hiyo sharti halikuwa zito. Ng'ombe akatoa maziwa hadi yule maskini akawa tajiri, akapata wake, wana na wachungaji. Nyumba ikajaa watu. Basi asubuhi moja kila mmoja alidhani mwenzake ameenda. Ng'ombe akangoja hadi jua la utosi. Hakuna aliyekuja. Akalala chini, maziwa yakamtoka yenyewe, yakajaza bonde lote na kupanda hadi kwenye mapaja ya milima.

“Na batu?” nikauliza, nikimwiga kwa kejeli kidogo.

“Batu? Bakajifunza kuogelea.”

“Na ng'ombe?”

“Iko chini. Iko napumua. Sasa weye unazani eshele iko napima nini?”

Nilikuwa nimesoma jiografia. Nikamweleza kwamba volkano za kaskazini ndizo zilizoziba mto, maji yakakosa njia, ziwa likajaa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. “Na ile volkano,” akauliza, “ulishakwenda kuiona?” Sikuwa nimekwenda. “Basi tuko sawa,” akasema, “ila mimi, ng'ombe yangu naionaka kila siku.”

Daftari letu lilikuwa na safu tano: tarehe, saa, namba, mvua, na ya mwisho maoni. Ofisi ilitaka katika safu ya maoni tuandike upepo, au kwamba bati limeota ukoga. Mzee aliandika jina la ng'ombe la asubuhi hiyo. Hakurudia jina hata mara moja. Aliandika kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadri kwa miaka minne, akichanganya lugha ya Nkombo, Kinyarwanda na Kiswahili. Mtapenda mifano, nitawaeleza kwa nini nina michache. Daftari lilipojaa alilifunga kwa kamba ya mgomba na kuliweka kwenye sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai. Alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto.

“Bengine banaachia batoto yabo shamba,” aliniambia siku moja akilisukuma sanduku kwa mguu. “Mimi iko hii. Siku nikienda, weye njo utaichunga.”

Nikasema ndiyo. Miaka ile nilisema ndiyo kwa mambo mengi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta maisha mahali pengine. Niliamini kwamba maisha yenye roho yanaishi mbali, kwa watu wanaojulikana. Kwa wiki tatu nilivuka daraja kila jioni kwenda Bukavu kupiga gitaa la besi katika bendi moja ya rumba, hadi kiongozi wao aliponiambia kwa upole kwamba napiga kama mtu anayesubiri basi. Nilijaribu masomo ya posta. Nilijaribu kufunga siku ambazo hazikulazimu. Kila asubuhi nilimsalimia ng'ombe kwa sababu Mzee alikuwa ananitazama, na kila asubuhi nilifikiri, hii ni kazi ya kungojea kazi.

Kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa bora, nilipewa jukumu la kunakili daftari kila mwezi kwenye fomu ya kupeleka makao makuu. Mwanzoni nilitafsiri hata maoni ya Mzee. Halafu akaja shefu mmoja wa ukaguzi, mtu wa tai na mkoba, naye akasoma fomu zangu mbele ya wageni wake wawili. Akafika mahali, akasimama, akasoma kwa sauti: “Ng'ombe hakulala vizuri.” Wageni wakacheka hadi mmoja akafuta miwani. “Nani huyu daktari wa mifugo?” shefu akauliza. Mzee Bahizire alikuwa hatua mbili kutoka pale, anasugua bati kwa brashi. Mimi nilicheka nao. Kosa langu la kwanza ni hilo, nalo lilichukua muda kama wa kupiga chafya.

Toka mwezi ule, kwenye safu ya maoni ya fomu nilichora vistari. Na kwa uangalifu mkubwa, Mungu anisamehe, niliketi nikanakili upya fomu zote za nyuma, zangu na zile za miaka aliyosoma Mzee peke yake kabla yangu, nikaziwekea vistari pia na kutia sahihi yangu kwamba nakala ni sahihi. Shefu alizichukua, za zamani akazitupa, akanisifu kwa usafi.

Mwaka wangu wa sita, Mzee alikwenda Nkombo kumzika dada yake, akakaa wiki mbili. Ofisi ikatuma habari kwamba wageni watapita na kibanda kipakwe chokaa. Nikatoa kila kitu nje. Sanduku la chai lilikuwa limeanza kuingiwa na mchwa upande mmoja, na ndani mlikuwa na madaftari kumi na tisa. Nilijiambia kwamba namba zote ziko kwenye fomu, na fomu ndizo kumbukumbu. Maman Furaha, aliyekuwa akikaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, sokoni, alikuwa akipita na beseni lake kichwani. Akauliza kama zile karatasi nazitupa. Nikasema achukue. Alifurahi, kwa kuwa karatasi ya kufungia ilikuwa adimu, na jioni akaniletea sahani nzima ya samaki wa moto. Nilikula wote nimeketi juu ya jiwe la Mzee.

Mzee alirudi siku ya soko. Alipanda kwanza Kamembe kununua chumvi, akashikwa na njaa, akanunua sambaza. Alifika kwenye kibanda ameshika kikaratasi cha samaki kwa mikono miwili. Nilidhani ameniletea zawadi. Akakifungua juu ya meza, akawamimina samaki pembeni, akainyoosha karatasi kwa kiganja, taratibu, kama baba anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Mafuta yalikuwa yameipenya lakini mwandiko ulisomeka.

“Issa,” alisema, “ng'ombe zetu banaziuza soko.”

Nikautambua mwandiko wake.

“Zingine ziko wapi?”

“Kwa Maman Furaha, Mzee.”

“Zote?”

“Zote.”

Akatazama mahali palipokuwa sanduku. Ukuta ulikuwa mweupe, unanuka chokaa. “Umepaka vizuri,” alisema, na hakuwa anakejeli. Hilo ndilo nimeshindwa kulisahau.

Nilipanda ule mlima mbio. Maman Furaha alikuwa amezungukwa na wateja, na nilipomweleza nataka karatasi zangu, aliweka mikono kiunoni.

“Wee Issa! Muntu anatoa, halafu anarudisha mukono? Karatasi zako batu bameshakula!”

“Zilizobaki, Maman. Tafadhali.”

“Na samaki yangu uliokula, nayo utarudisha?”

Watu wakacheka. Akaona uso wangu, akaacha mzaha, akainua gunia. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja. Madaftari mengine aliwagawia wenzake, mmoja wa mandazi, mmoja wa karanga, nao walikuwa wamekwisha kuyamaliza. Nilikwenda kwa kila mmoja. Nilifika hadi kwenye jalala nikapekua.

Kwa siku tatu Mzee hakunitajia ila namba. Siku ya nne nilimwomba anitajie majina anayoyakumbuka, niyaandike upya, hata kama itachukua mwaka. Akakataa, si kwa hasira. Alisema ng'ombe husifiwa siku anapoonekana. Anayemsifu ng'ombe wa jana anasema uongo juu ya ng'ombe. Kisha akavua penseli shingoni, akanivika mimi.

“Kuanzia leo, weye njo utamuita.”

Nilidhani ni adhabu nyepesi. Asubuhi iliyofuata nilitazama robo saa, nikaandika: Leo maji ni mazuri. Mzee akasoma.

“Hata nyanya ni nzuri,” akasema. “Futa.”

Nikaandika: Ng'ombe ametulia. “Ametulia namna gani? Kama mugonjwa? Kama bibi-arusi?” Futa. Nikaandika kwamba ana huzuni. Alinitazama kwa huruma. “Huzuni ni yako, Issa. Usimupakie munyama.” Kwa wiki saba nilifuta. Nilianza kufika kabla yake. Nilianza kuona vitu: kwamba mpaka wa maji ya mto na maji ya ziwa husogea, kwamba baada ya mvua ya usiku upande wa Giheke, kijito cha kushoto huingia chekundu na mkia wake hufika kwenye mwamba wa tatu, siyo wa nne, kwamba kuna asubuhi ziwa hupanda na kushuka kwa sentimita mbili bila upepo wowote, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Wahandisi wana jina lao kwa hilo. Nilikuwa nimeisoma eshele miaka sita na sijawahi kuliona. Asubuhi hiyo niliandika neno moja: Amepumua. Mzee akalisoma, akarudisha daftari bila kusema futa. Kisha akatoa nusu ya kiazi chake akanipa.

Tangu siku hiyo sikuvuka tena daraja kutafuta maisha. Nilivuka kununua vitenge, kama kila mtu.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minane. Magoti yake yalipokataa ngazi za ukutani, alirudi Nkombo. Zile kurasa kumi na moja, zilizokaushwa juani na bado zinanuka samaki, alizitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Nilikuwa nikimtembelea kwa mtumbwi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nikiwa na daftari langu. Aliyasikiliza maoni ya mwezi mzima macho yamefumba, na palipomkera aliinua kidole. Alifariki kitandani mwake, na kitabu cha nyimbo alizikwa nacho. Hakuna aliyejua kilikuwa na nini ndani, na mimi nilichelewa mtumbwi.

Baada ya hapo kuna miezi ya mwaka wa tisini na nne ambayo hakuna aliyeteremka kusoma eshele. Sitaieleza hapa, na si kwa kuwa nimeisahau. Mambo yalipotulia, mtu wa ofisi aliniomba nikadirie namba za miezi ile ili mchoro usikatike. Nilikataa. Mkifungua daftari lile mtakuta kurasa tupu. Ziacheni hivyo.

Nafika sasa kwenye kosa la mwisho, ambalo wengine wenu mlilishuhudia. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Claudine, mtafiti kijana kutoka Kigali, mkarimu, mwenye maswali kama mvua. Alikuwa anachunguza zile asubuhi ambazo ziwa huamka jeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji, likakaa hivyo siku chache, likarudi bluu. Alitaka kujua zilitokea miaka gani. Alisoma maoni yangu yote, akayashika mambo ambayo hata mimi sikujua nimeyaona. Halafu akarudi nyuma zaidi, akakutana na vistari.

“Mzee Issa, fomu hizi za mwanzo zina sahihi yako. Kwa nini safu ya maoni ni tupu?”

Mlikuwa watatu mezani. Mmekuwa mkiniita mwalimu. Nikasema, “Msomaji wa wakati ule hakuwa na shule. Namba aliziweza. Maneno, hapana.”

Nikauona mkono wake ukiandika.

Wiki mbili baadaye alinipa rasimu ya ripoti niipitie kabla haijapelekwa kuchapwa Ijumaa. Ukurasa wa pili, chini, ilikuwepo sentensi: msomaji wa kwanza hakujua kuandika. Hata jina lake halikutajwa. Mtu aliyeandika kila asubuhi kwa miaka ishirini, kitu pekee alichokuwa nacho cha kuacha nilikigawa sokoni, na sasa nilikuwa namnyang'anya hata sifa ya kuwa aliwahi kuwa nacho. Ripoti ikichapwa, hivyo ndivyo atakavyobaki. Nilikaa na rasimu ile Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Niliwaza kwamba nimebakiza miezi minne. Niliwaza sherehe ya kuagwa. Nawaambia ili msidhani nilikimbilia ukweli.

Alhamisi nilimkuta Claudine peke yake anafunga mkoba.

“Kuna sentensi si kweli,” nikasema. “Huyo mzee alijua kuandika.”

“Kiasi gani?”

“Kuliko mimi. Aliandika maoni kila siku. Mimi ndiye niliyeweka vistari. Madaftari yenyewe nilimpa mwanamke wa sambaza ayafungie samaki.”

Akaketi. “Mzee, unajua nimetafuta maandishi ya miaka ile kwa muda gani?”

“Sijui. Lakini hata ningejua, siku ile nisingekuambia.”

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alikwenda dirishani akanipa mgongo. Aliporudi alifungua kompyuta yake, akafuta ile sentensi mbele yangu. “Niandike nini badala yake?”

Nikamtamkia: Msomaji wa kwanza, Bahizire wa Nkombo, alijaza safu ya maoni kila asubuhi. Msomaji wa pili aliiondoa, na madaftari ya asili yakapotea mikononi mwake.

“Nikutaje jina?”

“Hapo hasa ndipo unitaje.”

Akaandika. Kisha akavuta karatasi nyeupe, akachora safu tano kwa mkono. “Unakumbuka yapi?”

Mara ngapi nilikuwa nimejaribu. Yalikuwa maelfu, nilibakiwa na manne. Nikamwambia Mzee alikataza kumsifu ng'ombe wa jana. Akajibu kwamba hatumsifu, tunataja nani alimwona. Nikampa la kwanza, lile alilolicheka shefu: Ng'ombe hakulala vizuri. Tarehe? Sijui. Akaandika haijulikani. La pili: Pembe ziko kwenye ukungu, mwili uko huku. Haijulikani. La tatu: Anatazama Kongo, hataki kutuona. Haijulikani. La nne:

“Ameamka na maziwa hadi miguuni.”

Kalamu yake ikasimama. “Lini?”

“Sijui, binti yangu.”

“Fikiri. Kulikuwa na baridi? Alivaa nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza alivaa nini. Nikafumba macho, nikamwona. Alivaa sweta ya kijani ya marehemu mkewe, mikono yake ilimwishia kwenye viwiko. Nilimtania kwamba amevaa nguo ya mwanamke, naye akajibu, “Ni muke wangu ananikumbatia, weye unaona nguo?” Ile sweta aliivaa Julai tu, kwa ule upepo wa kiangazi. Na ilikuwa mwaka wangu wa pili, kwa sababu kabla ya kiangazi cha tatu iliibiwa kwenye kamba, naye akamwombea mwizi joto.

Nikamweleza Claudine hayo yote. Akaandika mwezi, akaandika mwaka, akavipigia mstari mara mbili. Akashuka hadi chini ya karatasi, mahali pa mtazamaji, akaniomba nimtajie jina la Mzee vizuri, asije akalikosea. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, hadi ya mwisho.